Kadi Isilale Kwenye Kompyuta

Kolwezi ni mji wa kungoja. Wenye migodi wanangoja bei ya shaba na kobalti kutoka London. Sisi wadogo tunangoja bon de commande, yaani hati ya oda. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 iliamuru kwamba kazi za sous-traitance, yaani zile ambazo kampuni kubwa hukabidhi wengine, zipewe kampuni ambazo wingi wa mtaji wake ni wa Wakongomani, na tangu hapo Manika na Dilala zimejaa watu wenye kampuni. Huyu anapeleka buti na kofia ngumu, yule anasafisha ofisi, mwingine anapikia wafanyakazi au anakodisha gari. Wengi wao hawana ofisi. Kampuni ni simu, muhuri, karatasi za usajili za RCCM, cheti cha ARSP, mamlaka ya sous-traitance, na anwani ya barua pepe ya bure. Ofisi yao ni kwangu.

Ninaendesha sekretariya ndogo Manika. Tunapiga chapa, tunaskani, tunatoa fotokopi, tunaandika proforma na barua za kuomba kazi. Wateja wengi hufungulia barua pepe zao kwenye mashini zangu, na wale wenye kompyuta zao huniletea zikianza kuwa nzito. Kwa hiyo ninaona yanayoingia. Ninaona pia namna watu wanavyoibiwa, na nimechoka kuona watu wakiibiwa na kitu kile kile wakati wanaotushauri wanaendelea kutuambia jambo lisilotusaidia.

Wanatuambia: usifungue barua ya mtu usiyemjua. Mfanyakazi wa wizara anaweza kufuata shauri hilo. Mtu anayetafuta soko la buti hawezi. Kazi yake nzima ni kufungua barua za watu asiowajua, kwa maana mteja mpya siku zote ni mtu usiyemjua. Ukimkataza kufungua, umemkataza kula. Na mwizi anajua hivyo kuliko mshauri, ndiyo maana haandiki tena habari za urithi wa jenerali fulani. Anaandika Kifaransa safi cha ofisi, anataja idara ya ununuzi ya kampuni ya mgodi, anaomba bei ya jozi za buti na glavu, anataka jibu kabla ya saa kumi, kisha anasema orodha kamili iko kwenye faili aliloambatanisha.

Faili lenyewe ndilo mtego. Kwenye skrini linaonekana kama «BON DE COMMANDE.pdf», na lina kapicha kekundu tunakokajua wote. Lakini Windows, kama hujaibadilisha, huficha herufi za mwisho za jina la faili. Jina kamili lina «.exe» nyuma ya hiyo «.pdf», maana yake ni programu, siyo karatasi. Nyingine huja kama hati ya Word au Excel inayokuomba ubonyeze «Activer le contenu». Mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzuia amri zinazofichwa ndani ya hati zinazotoka kwenye intaneti, na wezi wakahamia kwenye mafaili ya .iso, .img na .rar. Siku hizi wanapenda pia faili lililofungwa kwa neno la siri, na neno lenyewe limeandikwa ndani ya barua. Watu huliona jambo hilo kama dalili ya usalama. Kumbe limefungwa ili programu ya kuzuia virusi isiweze kuchungulia ndani. Kampuni inayotaka buti haina sababu ya kufunga orodha ya buti kwa neno la siri.

Mteja anabonyeza. Hakuna kinachotokea. Anabonyeza tena, bado kimya. Anadhani faili limeharibika, anamwandikia «mnunuzi» amtumie lingine. Wakati huo programu imeshaingia.

Mojawapo ya programu zinazosafiri hivi inaitwa Agent Tesla. Inajulikana tangu 2014, na iliuzwa kwa wahalifu kama bidhaa ya kawaida, kwa hiyo anayeitumia hahitaji kuwa mtaalamu. Inaandika kila herufi unayoigonga, inapiga picha za skrini yako, inakusanya maneno ya siri yaliyohifadhiwa kwenye Chrome, Firefox na Outlook, kisha inamtumia mwizi yote hayo, mara nyingi kwa barua pepe ya kawaida kabisa. Novemba 2020 Interpol ilitangaza kukamatwa kwa watu watatu Lagos katika msako uliopewa jina la Falcon. Kundi lao lilikuwa likitumia Agent Tesla pamoja na programu nyingine za namna hiyo. Barua zao zilijifanya oda za ununuzi, maswali kuhusu bidhaa, hata misaada ya Covid-19. Wachunguzi walitambua waathiriwa wapatao 50,000, na kundi lilikuwa limezifikia taasisi za serikali na kampuni katika nchi zaidi ya 150. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba bon de commande inayoingia Manika haikubuniwa kwa ajili ya Manika. Ni wavu uliotupwa dunia nzima, na sisi tumenaswa kwa sababu tunaishi kwa oda.

Nchi yetu yenyewe imeshatajwa. Januari 2019 kampuni ya usalama ya Symantec ilieleza mashambulizi dhidi ya mabenki na taasisi za fedha yaliyokuwa yakiendelea tangu katikati ya 2017 hivi, na Kongo yetu ilikuwa kwenye orodha pamoja na Kamerun, Ghana, Guinea ya Ikweta na Kodivaa. Baadaye likajulikana kundi la OPERA1ER, watu wanaoandika Kifaransa. Kampuni ya Group-IB iliandika mwaka 2022 kwamba kundi hilo lilikuwa limeiba angalau dola milioni 11 kutoka mabenki na kampuni za simu, nyingi zikiwa za Afrika, jirani yetu Uganda ikiwa mojawapo ya nchi zilizoguswa. Mlango wao ulikuwa barua pepe: taarifa ya kodi, tangazo la kazi. Mtu aliyedhaniwa kuwa nguzo ya kundi alikamatwa Kodivaa Juni 2023. Mimi nakazia Kifaransa chao, kwa sababu hapa bado kuna watu wanaosema barua ya mwizi hujulikana kwa makosa ya lugha. Hilo lilikuwa kweli zamani. Leo barua mbovu kuliko zote ninazozisoma ni za wateja halisi.

Na kuna barua ya hatari zaidi: ile inayotoka kwa mtu unayemjua. Programu iliyoitwa Emotet ilikuwa ikiiba mazungumzo ya barua pepe ya mtu mmoja, kisha inawajibu marafiki zake ndani ya mazungumzo yale yale, chini ya maneno yao wenyewe ya wiki iliyopita. Polisi wa nchi kadhaa waliivunja mitambo yake Januari 2021, ikarudi Novemba mwaka ule ule, na Juni 2022 watafiti wakaikuta imeongezewa kipande kipya chenye kazi moja tu: kuchota taarifa za kadi za benki zilizohifadhiwa ndani ya Chrome. Emotet imenyamaza tangu 2023, lakini zipo nyingine. RedLine, ambayo mitambo yake ilivamiwa na polisi wa Uholanzi, Marekani na wenzao Oktoba 2024, ilikuwa ikifanya kazi hiyo hiyo ya kuchota maneno ya siri na kadi.

Hapa ndipo ninapomfikia papa mmoja mteja wangu, muuzaji wa buti na glavu. Aliagiza mzigo kutoka nje kwa kadi yake ya Visa, kwenye kompyuta yake mwenyewe, na Chrome ilipomuuliza kama ahifadhi kadi, akakubali. Ni jambo la kawaida, wengi wetu tunakubali. Baadaye akafungua bon de commande isiyofunguka. Haukupita muda, SMS ya benki ikaingia usiku: imekatwa dola moja. Akadhani ni makato ya benki, akalala. Asubuhi zilikuwa zimeingia SMS nyingine, za matangazo ya mtandaoni na michezo ya simu, na akiba ya mzigo uliofuata ilikuwa imekwisha.

Akaja kwangu ameishika kadi mkononi. «Mama, sijamupa mutu kadi yangu. Iko hapa.»

Nikamwambia, «Papa, mwizi huyu hahitaji plastiki.»

Anahitaji tarakimu 16 za mbele, tarehe ya kuisha, na zile tatu za nyuma. Chrome kwa kawaida haikuwa ikizihifadhi zile tatu, lakini programu inayoandika kila unachogonga inazipata siku utakapozigonga tena. Na wako wauzaji nje ya nchi wanaokubali kadi bila kukuomba namba ya mara moja inayokuja kwa SMS. Ile dola moja ya usiku ilikuwa jaribio. Mwizi hujaribu kidogo kwanza aone kama kadi inapumua.

Watu huniuliza: si Chrome inafunga hizo taarifa? Inazifunga, ndiyo, lakini kwa miaka mingi ilizifunga kwa ufunguo wa akaunti yako ya Windows, na programu uliyoifungua mwenyewe inafanya kazi ndani ya akaunti hiyo hiyo. Ni sawa na kufunga sanduku ukamwachia ufunguo mgeni aliyelala chumbani mwako. Kufuli si bovu. Aliye ndani ndiye tatizo.

Tena fikiria pesa zetu zilivyo. Akaunti nyingi hapa ni za dola. Mtu aliyeiba kadi yenye dola hana haja ya kubadilisha chochote kwa kambisti, anaitumia papo hapo popote duniani. Nasi tunazidi kuingia kwenye kadi: serikali ilianza 2011 kuwalipa watumishi wake kupitia benki, kampuni za migodi zinalipa kupitia benki, vijana wanalipia masomo na matangazo mtandaoni. Mama wa kabini ya pesa za simu anajua kabisa kwamba hampi mtu namba ya siri ya M-Pesa au Airtel Money. Mtu huyo huyo anaiacha kadi ndani ya Chrome mwaka mzima.

Lipo pia suala la mega, yaani data za intaneti, na sisikii watu wakilisema. Kompyuta zetu hazisasishwi. Windows inaomba kupakua kitu kikubwa, mwenye mashini anatumia mega za simu, anakataa, na kesho anakataa tena. Kuna tundu moja kwenye Office, upande wa kuandikia fomula za hesabu, ambalo Microsoft iliziba Novemba 2017. Wenye Agent Tesla waliendelea kulitumia kwa miaka mingi baada ya hapo, kwa sababu walijua ziko kompyuta duniani ambazo hazijawahi kuzibwa. Kwa tundu hilo hata «Activer le contenu» haihitajiki, kufungua hati kunaweza kutosha. Halafu kuna Office na Windows za kuvunjwa. Desemba 2021 watafiti walionyesha kwamba nakala za KMSPico, ile programu ya kuvunjia leseni, zilikuwa zikisambazwa zikiwa na programu ya kuiba taarifa iitwayo Cryptbot ndani yake. Kijana anayekuwekea Office kwa dola chache huenda hana nia mbaya, lakini hajui alichokiweka. Mega za kusasisha Windows ni gharama ya biashara, kama mafuta ya gari. Zinunue. Zikishindikana nyumbani, ipeleke mashini palipo na Wi-Fi.

Sasa niseme ninavyofanya. Shauri langu ni moja, mengine yote yanatoka humo: kompyuta inayofungua barua za wageni isiwe na kadi ndani yake. Ikiwa lazima tufungue, basi tufungue mahali ambapo hakuna cha kuiba.

Kwenye mashini zangu hakuna mteja anayelipia kitu kwa kadi, hata akiniomba vipi. Wengine wamekasirika, wakasema ninawapoteza muda. Ninavumilia. Mashini inayotumiwa na watu wengi ikiingiliwa kupitia barua ya mmoja, wote wanaibiwa. Anayetaka kulipa atumie simu yake, na simu hiyo isiwekewe programu iliyotumwa kwa WhatsApp au kuchukuliwa nje ya duka rasmi la programu. Kama kadi yako imeshahifadhiwa kwenye kompyuta, ingia kwenye mipangilio ya Chrome, tafuta «Modes de paiement», uifute. Bora zaidi, usitumie mtandaoni kadi iliyounganishwa na akaunti yenye mshahara au mtaji. Omba benki ikupe carte prépayée, uiwekee pesa za ununuzi wa siku hiyo tu. Papa wa buti sasa anayo. Ikiibiwa, mwizi atakuta dola mbili.

Kuhusu bon de commande yenyewe, kwanza soma kilicho baada ya alama ya @. Idara ya ununuzi ya mgodi mkubwa haiagizi kwa anwani ya bure, na wezi hupenda kusajili jina linalofanana na la kampuni, wameongeza herufi moja au kistari. Kisha piga simu. Usipige namba iliyo ndani ya barua, kwa sababu hiyo ni ya mwizi na atakupokea kwa upole sana. Piga ile uliyokuwa nayo tangu zamani, au nenda getini kwa miguu yako ukaulize. Kolwezi si mji mkubwa hivyo, na mtu atakayekupa kazi halisi hatachukia kuulizwa.

Kama bado una shaka, lifungue faili kwenye simu kwanza, ndani ya Gmail. Nyingi ya programu hizi zimetengenezwa kwa ajili ya Windows, na kwenye simu karatasi halisi itaonekana kuwa karatasi, programu iliyojifanya karatasi haitafunguka. Kwenye kompyuta, fungua folda yoyote, nenda «Affichage», weka alama kwenye «Extensions de noms de fichiers», na kuanzia siku hiyo «.exe» haitajificha tena. Iko tovuti ya VirusTotal inayopimisha faili kwa programu nyingi za kuzuia virusi kwa pamoja, bure. Ninaitumia. Lakini usipeleke huko mkataba wako au picha ya pasipoti, kwa sababu mafaili yanayopelekwa huko yanaweza kusomwa na wengine.

Ikiwa umeshabonyeza, usione haya, na usingoje uone kama kuna kitakachotokea. Kata intaneti ya kompyuta. Chukua simu, siyo kompyuta ile, uzuie kadi kupitia programu ya benki au umpigie wakala wa benki, na uombe waandike malalamiko yako siku hiyo hiyo, kwa sababu kupinga malipo kuna muda wake. Badilisha neno la siri la barua pepe kwanza kabla ya mengine yote, maana anayeshika barua pepe yako anaweza kuomba maneno mapya ya siri ya kila kitu. Washa uthibitisho wa hatua mbili. Angalia kwenye mipangilio ya barua pepe kama kuna kanuni inayopeleka barua zako kwa anwani usiyoijua. Wezi huiacha hapo, na utakuwa unabadilisha maneno ya siri huku wao wakiendelea kusoma. Kompyuta yenyewe ifutwe, iwekewe Windows upya. Najua ni usumbufu, najua mafaili yako yako humo. Lakini kusafisha nusu nusu nimeshakuona, na mwizi hurudi.

Kisha peleka malalamiko kwa afisa wa polisi wa upelelezi au parquet, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka. Tangu tarehe 13 Machi 2023 tuna Code du numérique, sheria ya mambo ya kidijitali, na makosa ya kuingilia kompyuta na kuiba taarifa yameandikwa humo kuwa jinai. Peleka SMS za benki, peleka barua yenyewe bila kuifuta. Wengi hawaendi, wanasema itasaidia nini. Kesi isiyoandikwa haihesabiwi, na kama hatuhesabiwi Kinshasa itaendelea kudhani kwamba wanaoibiwa ni mabenki tu.

Neno langu la mwisho ni kwa idara za ununuzi za kampuni za migodi za mkoa wetu wa Lualaba. Majina yenu ndiyo chambo. Wekeni mahali pamoja, kwenye tovuti zenu na kwenye ubao wa getini, anwani mnazotumia kuagiza na namba ya simu ambayo kweli inapokelewa, na kila bon de commande iwe na namba yake, ambayo mtu anaweza kupiga simu na kuitaja akiuliza: je, hii ni yenu? Haitawagharimu kitu. Na mwenye kampuni ndogo akipiga simu kuuliza, msimjibu kwa ukali.